Namba moja, rangi mbili: yaliyonikuta na chupa ya pili ya Dunkelgelb

Mimi si mtu wa kuandika malalamiko. Nimepaka modeli za vifaru miaka mingi, na rangi mbovu nimekutana nazo za kutosha: zinazoganda kwenye sindano ya brashi ya hewa, zinazobanduka na utepe, zinazokauka zikiwa na vinundu kama ngozi ya mjusi. Nilizitupa nikanyamaza. Hii sikunyamaza kwa sababu si rangi mbovu, na hilo ndilo linaloniuma.

Chupa ya kwanza niliisifia kila aliyekubali kunisikiliza. Ni akriliki, imeandikwa Dunkelgelb RAL 7028, yaani manjano iliyokoza ya vifaru vya Wajerumani wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilitoka kwenye brashi ya hewa kama moshi, ikatua juu ya praima ya kijivu na kukauka nyembamba kiasi kwamba vichwa vya ribiti vya kifaru cha kipimo cha 1/35 vilibaki vimesimama vyote, kimoja kimoja. Na ilikuwa imefifishwa kidogo, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifikirii. Ukichukua rangi halisi ya kifaru kizima ukaipaka modeli inayoenea kiganjani, itaonekana nzito na ya giza kupita kiasi. Yule aliyechanganya chupa ile alilijua hilo. Nilimheshimu bila kumjua.

Nilikuwa natengeneza Panzer IV Ausf. H, kifaru cha Wajerumani. Bodi ikamalizika kwa chupa ya kwanza. Ilipofika zamu ya mnara, yaani kile kichwa chenye mzinga, na Schürzen, yale mabamba membamba yanayoning'inia ubavuni, rangi ikaisha. Nikaagiza chupa ya pili. Kampuni ileile, lebo ileile, namba ileile. Ilichukua wiki kadhaa kufika. Nikapuliza usiku chini ya taa ya mezani, kila kipande kikiwa kwenye kishikio chake, nikaridhika, nikalala. Asubuhi nikaweka mnara juu ya bodi karibu na dirisha.

Bodi ya manjano, mnara wa kijani.

Sisemi kijani cha majani. Nasema kile kijani cha maji yaliyotuama, kilichojificha ndani ya manjano, ambacho ukishakiona mara moja huwezi tena kutokiona. Ilikuwa kama mnara umenyofolewa kwenye kifaru kingine. Kwanza nilijilaumu. Labda sikuitikisa vizuri, chembe za rangi zikabaki chini. Nikarudi kwenye chupa, nikakoroga kwa kijiti hadi kitako kikawa safi, nikapuliza tena. Kijani kilekile.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Niliuliza jambo moja tu: je, mchanganyiko umebadilika? Jibu lilikuja baada ya siku nyingi, mistari miwili: "Ndugu mteja, hata Wajerumani wenyewe hawakuipaka rangi hiyo sawasawa. Chukulia kuwa ni uhalisia wa historia."

Niliusoma mstari ule mara tatu. Kilichonikera zaidi ni kwamba ndani yake mna kweli. Agizo la kupaka magari ya kivita Dunkelgelb badala ya kijivu kilichokoza lilitoka Februari 1943, na tangu hapo vivuli vilitofautiana kweli. Rangi ilitoka kwa wasambazaji mbalimbali. Zile za kuchora madoa, Rotbraun (hudhurungi nyekundu) na Olivgrün (kijani cha zeituni), zilifika kwa wanajeshi zikiwa nzito kama lami, wao wakaziyeyusha kwa petroli au maji, chochote kilichokuwa karibu. Yote hayo nayajua, na ndiyo yanayonivuta kwenye kazi hii. Lakini yule askari alikuwa vitani na ndoo ya maji. Nyinyi mko kiwandani na mizani. Udhaifu wake hauwezi kuwa kisingizio chenu.

Tena jamani, namba ile iliwekwa kwa ajili gani? Mfumo wa rangi wa RAL ulianza mwaka 1927 ukiwa na rangi 40, ili muuzaji na mnunuzi wasihitaji kutumiana vipande vya sampuli kila mara. Taja namba, umeeleweka. Ukiandika RAL 7028 juu ya chupa umetoa ahadi, na chupa mbili zenye ahadi moja lazima zifanane. Ukiona huwezi, andika "manjano ya kifaru" tu, nami nitanunua nikijua ninachonunua.

Niliwatumia picha. Jibu la pili likawa fupi kuliko la kwanza: nikague taa yangu. Hakuna salamu, hakuna pole.

Basi nikaikagua. Nilichukua vijiko vya plastiki, nikavipaka praima ileile, nikapuliza chupa ya kwanza (mabaki niliyokwangua) upande mmoja na ya pili upande mwingine, kwa thina ileile na shinikizo lilelile la kompresa. Nikaviacha vikauke siku nzima, maana akriliki ikiwa mbichi hudanganya, rangi hubadilika ikikauka. Kisha nikavipeleka sehemu tatu. Chini ya balbu ya mwanga wa njano, pande mbili zilifanana kama mapacha. Chini ya taa nyeupe, zilianza kuachana. Dirishani, kwenye mwanga wa mchana, zilikuwa rangi mbili kabisa.

Kwa hiyo yule bwana, au yule bibi, aliyenijibu alikuwa sahihi kuhusu taa, na nalikubali hili ingawa linanichoma. Ningepuliza mchana, ningeugundua ule ukijani kwenye bamba la kwanza na mnara ungepona. Tangu siku hiyo sifungui chupa mpya usiku. Lakini vijiko vile vilisema jambo jingine kubwa zaidi, na hili hawajalijibu hadi leo. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa chembe zilezile, kwa vipimo vilevile, hufanana chini ya taa yoyote utakayoziwekea. Zikielewana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, basi kilichomo ndani si kitu kimoja. Walibadilisha mchanganyiko wakaiacha lebo ilivyo. Nililowauliza kwa adabu tangu mwanzo lilikuwa hilohilo, na vijiko vimenijibu kabla yao.

Nilijaribu kuirekebisha. Wekundu huua ukijani, kwa hiyo nikadondosha hudhurungi nyekundu kwenye chupa ya pili, tone baada ya tone, nikipima dirishani kila mara. Ikafika mahali ikalingana. Nikashangilia. Usiku nikawasha taa: mnara umeingia wekundu, kama una aibu. Ndiyo hasara yake. Chembe zikiwa tofauti, utalinganisha mwanga mmoja na kupoteza mwingine. Nikajaribu kulivisha gari zima ute mwembamba wa rangi ya mafuta ya hudhurungi, ule unaopakwa ili kuunganisha toni. Ulisaidia kidogo. Kuna mwenzangu aliniambia nichore madoa ya Rotbraun na Olivgrün juu yake, nani atajua? Mimi nitajua. Nilitaka kifaru cha manjano tupu kama kilivyotoka kiwandani, na madoa ya kufichia kosa la mtu mwingine sichori.

Mwishowe nikachukua uamuzi ulionichukua jioni mbili. Nikafunika minyororo ya kutembelea, nikapuliza kifaru chote upya kwa chupa ya pili, ile isiyo na tone la wekundu. Bodi niliyokuwa nikijivunia ikapotea chini yake.

Na kimependeza. Siwezi kusema uongo. Kilipopata vanishi isiyong'aa, rangi ikainuka kidogo, ukijani ukatulia, na kikiwa peke yake mezani ni Dunkelgelb ambayo sitabishana na mtu juu yake. Ribiti zote bado zinaonekana, hata baada ya tabaka la pili. Ni rangi chache zinazoweza hilo. Ndiyo maana nilipoanza kuandika niliipa nyota moja, nikaifuta nikaweka nne, kisha nikakumbuka lile jibu la mistari miwili, mkono ukarudi. Mbili. Rangi yenyewe ni ya tano, sioni aibu kusema, na mwenye kifaru kimoja anaweza kuinunua leo bila hofu. Mwenye vitatu mfululizo, achukue chupa zote kwa mkupuo mmoja, atazame namba ya bechi iliyopigwa kwenye kitako, na apake kijiko kutoka kila chupa kabla ya kugusa plastiki.

Chini ya chupa ya kwanza mmebaki matone machache. Nimefunga kizibo kwa utepe na kuiweka gizani pamoja na vile vijiko. Siku watakaponiambia ni lini walibadilisha mchanganyiko, nitabadilisha nyota.