Ndoo ya koki au kibuyu chirizi? Kwa nyumba yenye watoto mi nachagua kibuyu

Wazazi wenzangu mnaojiuliza mnunue ndoo ya koki ya kunawia au mtengeneze tu kibuyu chirizi (lile dumu la kunawia la kukanyagia kijiti), hapa kwangu Tanga vyote vipo, na kwa watoto wadogo kura yangu naipa kibuyu.

Ndoo sio mbaya, inabeba maji mengi na ukiiweka mlangoni inapendeza, ila shida ni koki yenyewe. Mtoto anatoka chooni anaifungua na mkono mchafu, ananawa vizuri kabisa na sabuni, halafu anaishika tena kuifunga, yaani uchafu alioutoa anaurudisha. Na hizi za bei rahisi mpira wa ndani ukichoka inadondosha usiku kucha, asubuhi unakuta ndoo tupu.

Kibuyu unakanyaga kijiti, kamba inavuta dumu, maji yanatiririka, hushiki kitu zaidi ya sabuni. Dumu la mafuta ya kula la lita 5 linatosha, unatoboa tundu na msumari wa moto. Wangu wanapenda kukanyaga, yule mdogo ananawa hata kama hajaenda chooni.

Kwanini nakazania maji ya kutiririka? Mayai ya minyoo ya mviringo yana ganda gumu, sabuni haiyaui wala sanitaiza haiyaui, yanatakiwa yasuguliwe yatoke na maji yaende nayo. Ndo maana lile beseni moja la kunawia familia nzima kabla ya ugali silitaki kabisa, wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Na kucha jamani, zikateni fupi! Mtoto anayejikuna matakoni usiku mara nyingi ana ile minyoo midogo myeupe kama uzi, akijikuna mayai yanaingia kuchani, asubuhi kidole mdomoni, mzunguko unaanza upya hata kama jana kapewa dawa.

Dawa wapeni, albendazole ya mg 400 anatafuna mara moja, ila kwa ile midogo kama uzi inarudiwa baada ya wiki mbili (aliye kati ya mwaka 1 na 2 kipimo chake ni nusu, mpelekeni zahanati kwanza), lakini inaua iliyomo tumboni tu, haimkingi na ya kesho.

Kasoro za kibuyu zipo. Maji yanaisha haraka, watoto wakiwa wengi lazima mtu ajaze asubuhi na jioni. Sabuni kunguru wanabeba, sisi tunaiweka ndani ya soksi kuukuu tunaifunga kwa kamba. Na minyoo ya safura hakizuii, ile inaingia kwenye ngozi mtoto akitembea peku kwenye udongo wenye kinyesi, hapo ni ndala na choo cha maana.

Kama bado unataka ndoo, tafuta yenye koki ya mkono mrefu ambayo mtoto anaisukuma kwa kiwiko, na uiweke kwenye stuli fupi aifikie mwenyewe.