Pedi na mafuta ya breki ya mashindano kwenye Mazda MX-5 ya kwanza: uzoefu wangu

Gari ni MX-5 ya kizazi cha kwanza, injini ya lita 1.6, haina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki). Nimelifunga vitu vitatu: pedi za mashindano mbele na nyuma, hozi zilizosukwa kwa nyaya za chuma cha pua, na mafuta ya breki ya DOT 4 ya mashindano (DOT ni daraja la mafuta ya breki). Kalipa, yaani vishikio vinavyobana pedi kwenye diski, ni zile zile za kiwandani, na diski za mbele zimebaki za milimita 235. Kwa gari jepesi namna hii, kilichosaidia zaidi ni mafuta, zikafuata pedi. Hozi ziko mbali nyuma.

Sababu ni joto. Mafuta haya hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Ukishika breki kwa nguvu mzunguko baada ya mzunguko, joto la kalipa linavuka hapo. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea, hivyo pedali inazama ilhali pedi na diski ni nzima. Mafuta ya mashindano niliyotia huchemka juu ya nyuzi 300 yakiwa mapya. Kero yake ni kwamba hayafai kuachwa ndani miaka miwili kama ya kawaida. Mimi hubadilisha yote kila mwaka, lita moja inatosha, na hutoa upepo (hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa breki) kidogo kabla ya kila siku ya uwanjani, yaani siku ya kuendesha kwenye uwanja wa mashindano. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na haya kamwe. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji papo hapo.

Unapotoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali), na usiache kikopo cha mafuta kikauke. Weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda ya zamani ina kutu na uchafu sehemu ambayo pistoni haifiki kila siku. Ukiisukuma hadi mwisho, mipira yake inakwaruzika na wiki inayofuata inaanza kuvuja kwa ndani.

Kazi inayoharibiwa na wengi ni kalipa za nyuma. Pistoni yake hairudi kwa kubanwa na jiriwa, maana ndani ina skrubu ya kurekebisha handibreki. Achia handibreki, fungua bolti ya kifuniko nyuma ya kalipa kwa spana ya 14, ingiza ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, uzungushe kinyume cha saa mpaka pistoni irudi. Ukishafunga pedi mpya, zungusha kwa mwendo wa saa mpaka diski igome, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Diski izunguke kwa mkono ikigusa pedi kidogo tu. Ukiruka hatua hii pedali inakuwa ndefu na handibreki inapanda juu sana. Halafu mtu anakaza kebo ya handibreki, na hapo anaficha tatizo badala ya kuliondoa. Naamini nusu ya malalamiko ya "breki laini" kwenye magari haya yako kwenye skrubu hii.

Pedi zenyewe zinashika sawasawa zikiwa na moto, na kadiri unavyozidi kukanyaga ndivyo zinavyozidi kuuma. Zikiwa baridi ni butu: breki ya kwanza asubuhi inahitaji mguu mzito. Zinapiga kelele na vumbi lake linang'ang'ania rimu, lioshe kabla halijalowa. Kama gari ni la kazini kila siku, chukua pedi za daraja la kati.

Kuzizoesha pedi mpya na diski ni lazima. Tafuta barabara tupu, shuka kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 20 mara nane au kumi mfululizo bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu dakika 15 zipoe, na usivute handibreki. Ukisimama huku umekanyaga pedali, pedi inaacha alama mahali pamoja na usukani unaanza kutetemeka. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi ni utando wa pedi usio sawa.

Hozi zimeipa pedali ugumu kidogo, basi. Hozi za mpira zikiwa zimepasuka au kuvimba, badilisha. Zikiwa nzima, hela yako iende kwenye mafuta. Tumia washa (pete bapa za kuziba) mpya za shaba, mbili kwa kila bolti yenye tundu inayoshika hozi, maana za zamani zikirudiwa huvuja. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa juu ya jeki na likiwa chini, uhakikishe hozi haivutiki wala haisuguani na tairi.

Nati za magurudumu kaza kati ya Nm 89 na 117, na kwa siku ya uwanjani zikague tena baada ya duru ya kwanza, rimu zikishapoa. Pedi zikibaki nusu ya unene wake mimi huziondoa, kwa sababu zikiwa nyembamba joto linafika kwenye pistoni na mafuta upesi zaidi.