Furushi la sweta ya kroshia: uzi mzuri, vipimo vya mtu mwingine

Kwenye maduka ya nyuzi ya katikati ya Kampala kunauzwa furushi la sweta ya kroshia ya mikono mirefu: vibonge vinane vya akriliki vya gramu 50, sindano ya alumini iliyogongwa namba 5, na karatasi mbili za pateni (maelekezo ya kufuma) za fotokopi. Bei inazidi kidogo ya nyuzi na sindano ukivinunua kimojakimoja, na hiyo ziada ndiyo bei ya karatasi. Basi karatasi ndiyo tutakayoihukumu kwa ukali.

Uzi hauna kesi. Ukiunguza ncha kwa kiberiti inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi, kama akriliki inavyotakiwa, na msokoto wake umekaza, haupasukipasuki mbele ya sindano. Ila ni sweta ya asubuhi za baridi za Kabale na Fort Portal. Mchana wa Kampala itakuchemsha. Isikutane kamwe na pasi ya mkaa, maana akriliki ikipata joto la pasi hulegea na hairudi tena. Wala usipange kuivaa juu ya gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa Uganda. Yale mabega yenye ncha hayaingii kwenye mkono wa sweta yoyote.

Sindano ndiyo ya kutiliwa shaka. Toboa ubao kwa keke ya milimita 5, kisha pitisha shina lake: linatakiwa lipite likibana. Ya furushi hili ilicheza mle tunduni, kwani ni karibu 4.5. Nusu milimita hiyo, ikikutana na mkono unaokaza uzi, inatosha kukutolea sweta inayogoma kushuka kifuani.

Karatasi nayo inasema "dc", kifupi cha mshono uitwao "double crochet", bila kusema ni dc ya nani. Dc ya Marekani ndiyo tr (treble) ya Uingereza, na dc ya Uingereza ndiyo sc (single crochet) ya Marekani. Ukikuta neno "sc" au "skip", jua pateni ni ya Kimarekani. Waingereza hawana sc, na wao husema "miss". Kama hakuna hata moja, tazama cheni za kugeuzia mwanzoni mwa mstari: cheni tatu kabla ya dc ni Marekani, cheni moja ni Uingereza. Hii inataka tatu. Aliyejifunza kwa vitabu vya Uingereza akiifuma kwa mazoea yake, kila mstari utakuwa nusu ya kimo au chini ya hapo, na sweta itakomea mbavuni. Kuanzia hapa tukisema dabo tunamaanisha ile ya Kimarekani, unayozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuingia.

Kipimo kilichoandikwa ni dabo 14 na mistari 8 kwa sentimita 10. Fuma kipande cha sentimita 15 kwa 15, kifue, kikauke kikiwa kimelazwa, ndipo upime sentimita 10 za katikati, pembeni hudanganya. Ukipata 16 badala ya 14, panda sindano ya 5.5. Ukipata 12 au 13, shuka. Anayeruka hatua hii kwa kuona ni kupoteza uzi atafuma nyuma na mbele mara mbili.

Lawama kubwa ni saizi. Zipo nne, na kubwa kuliko zote ina mzingo wa sentimita 104 kifuani baada ya kushonwa. Nyonga haikutajwa popote. Sweta inapanda wima kama gunia. Chukua mwili ambao fundi yeyote wa hapa anaupima kila wiki: kifua 106, nyonga 118, mkono wa juu 36, bega kwa bega 40. Pateni kama ilivyo haimfai, lakini kwa tepi na kikokotoo inageuka.

Anzia nyonga. 118 ongeza nafasi ya 6 upate 124, gawa kwa mbili kwa kuwa mbele na nyuma zinafumwa mbalimbali: 62. Kila sentimita ina mishono 1.4, hivyo ni 86.8. Usikimbilie 87. Pindo la chini ni la makombe (mafungu ya dabo yanayotanuka kama kombe la pwani), na kombe moja hula mishono sita, na mmoja wa ziada wa kufungia mstari. Namba lazima iwe sita mara kadhaa jumlisha moja: 85 au 91. Tumia 85. Utapata mzingo wa sentimita 121, nafasi tatu juu ya nyonga, na akriliki hii inavutika. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaongeza mishono miwili mitatu kwa kukisia, kombe la mwisho linatoka nusu, halafu wanalificha kwenye mshono wa ubavuni, nao unajikunja.

Kifuani: 106 na 6 ni 112, nusu yake 56, mara 1.4 ni 78.4, weka 79. Kutoka 85 hadi 79 ni kupunguza mitatu kila upande. Baada ya pindo la makombe, punguza mmoja kila upande kwenye mstari wa 5, wa 10 na wa 15, kwa kufunga dabo mbili pamoja, kisha panda wima hadi kwapani. Ukipunguza yote kwa mkupuo, ubavu utaota pembe.

Kwapani karatasi inapanda moja kwa moja hadi begani. Kwa upana wa 79, yaani sentimita 56, juu ya mabega ya 40, bega la sweta litaanguka sentimita 8 kila upande. Pita kwa mishono ya kuteleza, ile isiyoongeza kimo, juu ya sita za kwanza, fuma 67, acha sita za mwisho. Shingo nayo karatasi imeipanua kila saizi inapopanda, kana kwamba anayenenepa anapanuka shingo kwa kiasi kilekile. Iache kwenye mishono 29, sentimita 20 na kitu, ibaki 19 kwa kila bega.

Mkono wa saizi kubwa ni mishono 46, yaani sentimita 33, kwa mkono wa 36! Unahitaji 40, ambazo ni mishono 56. Na ukipanua mkono, ongeza pia kina cha kwapa: nusu ya 40 ni 20, hivyo mistari 16 kutoka kwapani hadi begani, si 13 ya karatasi. Anza na 32 kwenye kifundo, ongeza mmoja kila upande kila mstari wa pili, mara 12. Mistari mitatu ya mwisho ya mkono usiifunge kwenye mshono wake. Hiyo inakaa kwenye ile ngazi ya mishono sita uliyoiacha kwapani.

Kwa kifua kilichojaa, sweta hupanda mbele ikaonekana fupi. Dawa ni mistari miwili mifupi kwa upande wa mbele tu, chini kidogo ya kwapa: geukia mishono kumi kabla ya mwisho wa mstari, na ukikaribia kugeuka shuka kwa nusu dabo (mshono wa kimo cha kati) kisha singo (ile sc ya Marekani) ili pasibaki tundu. Inaongeza sentimita 2.5 katikati, na mbavu hazirefuki.

Asiyependa makombe ayaondoe. Pindo la singo tupu linakuachia namba yoyote, hata ile 87. Ukifupisha, punguza mistari chini ya kiuno.

Je, linunuliwe? Mwenye kifua cha chini ya 98 na nyonga isiyozidi hapo, ndiyo, akibadilisha sindano tu. Wengine wanunue wakijua gramu 400 hazitoshi: mwili ukipanuka kutoka 104 hadi 121 chini na 113 juu, na mikono kutoka 46 hadi 56, hesabu vibonge kumi. Viwili hivyo vya ziada vichukue siku hiyohiyo, vyenye namba ileile ya loti, yaani ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi, kwenye karatasi ya kibonge. Muuzaji akikwambia namba si kitu, toka na vibonge viwili hadi nje ya mlango, uvilinganishe kwenye jua. Chini ya taa za duka kila maruni ni maruni.