Ukuta wa moto wa MikroTik hAP katika ofisi ndogo ya Kampala

Ruta ya MikroTik hAP inayohudumia ofisi yetu ya uhasibu hapa Ntinda huja na kanuni za awali za ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) zinazotupa kila muunganisho ulioanzishwa kutoka nje, huku majibu ya maombi yaliyotoka ndani yakipita, kwa kuwa kifaa hukumbuka ni nani aliyeanza mazungumzo. Kwa ofisi nyingi, hilo latosha.

Mhasibu wetu alipoomba kuifikia kompyuta yake akiwa Jinja, hatukumfungulia poti 3389, yaani mlango wa mtandao wa Remote Desktop ya Windows, ambao husakwa usiku na mchana na programu za kubahatisha nywila. Tulimwekea WireGuard, njia ya mtandao iliyofichwa kwa usimbaji (VPN), iliyomo ndani ya RouterOS 7, mfumo endeshi wa ruta hii, na sasa poti moja tu ya UDP (mojawapo ya njia za kusafirisha data) ndiyo inayopokea wageni. Winbox, zana ya kusimamia ruta za MikroTik, inayosikiliza poti 8291, isiachwe wazi kwa intaneti kamwe: udhaifu wake uliorekebishwa mwaka 2018 ulitumiwa kuteka ruta nyingi ambazo wenyewe hawakuzisasisha.

Kasoro ninayoiona katika ukuta huu wa moto ni moja. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ile ya kuruhusu ikiwekwa chini ya ile ya kukataa haifanyi kazi, wala Winbox haimwonyi mtumiaji.