Baiskeli ya mzigo ya inchi 28, Ifakara hadi Mlimba

Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania, ni nchi ya baiskeli ya aina moja: fremu ya chuma, tairi za inchi 28 kwa 1½, breki za vyuma, keria pana, siti ya springi. Uzito wake unakaribia kilo 20 kabla hujafunga chochote. Tumeitathmini kwa msafiri anayetoka Ifakara kwenda Mlimba, zaidi ya kilomita 100, kupitia Mbingu, Mngeta na Chita, milima ya Udzungwa ikiwa kulia kwake na bonde la mpunga kushoto. Inafaa, tena kuliko baiskeli nyingi za gia za mtumba, kwa sababu kule hakuna mwinuko wa kudai gia ishirini, na kipuri chake fundi yeyote wa chini ya mwembe anacho. Ila iliyotoka dukani leo isipelekwe Mlimba kesho.

Dukani huunganishwa harakaharaka. Gololi huwekewa grisi kiduchu, spoku hukazwa nusunusu, kotapini hugongwa mara mbili tatu basi. Siku nzima ya kazi ya fundi mzuri kabla ya safari ina thamani kuliko taa, kengele na mapambo yote utakayoshawishiwa kununua.

Kotapini ndiyo ya kwanza. Ni pini yenye ubavu mmoja uliochongwa bapa, inayobana krenki, yaani mkono wa pedeli, kwenye ekseli. Wengi hukaza nati wakadhani wamemaliza, kumbe kazi ya nati ni kuzuia pini isirudi nyuma tu. Kinachobana ni nyundo. Simamisha kipande cha bomba nene chini ya krenki, ncha ya pini iingie ndani ya bomba, ili pigo liishie ardhini lisiumize gololi. Piga, kaza nati, piga tena, kaza tena. Pini mbili ziingizwe kwa pande zinazopingana, la sivyo pedeli hazitakaa kwenye mstari mmoja. Endesha kilomita 20 kisha rudia kazi yote. Ukisikia mlio wa chuma kugonga kila unapokanyaga, shuka hapohapo. Pini iliyolegea ikiendelea kusukumwa inalika, inapanua na tundu lake, na badala ya kununua pini utanunua krenki nzima. Beba mbili za akiba, lakini zipime kwanza: zipo za milimita 9 na za milimita 9.5, moja haikai mahali pa nyingine.

Gurudumu la nyuma lina spoku 40, la mbele 32. Zikikatika hukatikia kwenye kiwiko, pale zinapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na lawama hupewa mzigo. Mara nyingi kosa ni ulegevu. Spoku iliyolegea hupinda na kunyooka kila tairi linapozunguka, mpaka chuma kichoke. Zipige kwa kucha kama nyuzi za zeze: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Inayonguruma chini ya wenzake ikazwe kwa robo mzunguko, usikilize tena. Chukua spoku sita za nyuma na uzifunge kwenye bomba la fremu.

Gia moja ya meno 44 mbele na 18 nyuma hukupeleka kama mita 5.4 kwa kila mzunguko wa pedeli. Kwenye tambarare tulivu, mizunguko 50 kwa dakika ni karibu kilomita 16 kwa saa, mwendo wa kustahimilika. Ukiwa na kilo 25 kwenye keria, changarawe iliyolegea na upepo wa mbele, hiyo gia ni nzito na magoti ndiyo yanayoumia. Weka friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 22. Kila mzunguko utashuka hadi mita 4.5 hivi, na mnyororo unaweza kudai pingili mbili zaidi. Hakuna badiliko lenye faida kubwa kuliko hili kwa gharama yake.

Breki za vyuma zinatosha kwenye tambarare kavu. Rimu ikilowa zinateleza, kwa hiyo anza kubana mapema kabla ya kila daraja.

Adui mkubwa ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha, hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu ligome kabisa, na kuisukuma baiskeli kwa nguvu hukunja vishikizo vya madigadi. Kwa hiyo masika, Machi hadi Mei, hapafai. Safari ipangwe Juni hadi Oktoba. Hata hivyo chukua kijiti bapa cha kuchokolea tope, na kama mvua ya ghafla imekukuta, vua madigadi ya nyuma uyafunge juu ya mzigo.

Pancha si zote ni miiba. Kimpira cha ndani ya valvu huoza kwa joto, upepo ukatoka taratibu usiku kucha, na asubuhi watu wakafungua tairi kutafuta tundu lisilokuwepo. Paka mate mdomoni mwa valvu kwanza. Povu likitokea, badilisha kimpira, dakika mbili umemaliza. Kama tundu liko upande wa rimu, angalia ncha za spoku na ule utepe unaozifunika kabla ya kubandika kiraka.

Kasoro tusiyoweza kuirekebisha ni urefu. Fremu nyingi ni za inchi 22 na 24. Mtu mfupi akisimama ghafla na mzigo, bomba la juu linampiga, na baiskeli inaanguka kabla mguu haujafika chini. Huyo achukue ya kike, isiyo na bomba la juu, ahakikishe keria imefungwa kwa nati nne badala ya mbili.