Kabeji nyuma ya nyanya: uzoefu wangu na chati za pande tatu za Matplotlib

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza mboga kwa jumla pale soko la Marikiti, Nairobi. Mwaka ulipokuwa unaisha aliniita kwake Umoja, akanimiminia chai, akanisukumia daftari lililojaa hesabu za miezi 12. Alitaka ripoti ya kugawia wanachama. "Na uniwekee zile chati zimesimama kama maghorofa ya Upper Hill," akasema, "si zile zimelala kama mkeka."

Kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu kwa lugha ya Python, kwa hiyo sikwenda mbali. Matplotlib, ile maktaba ya Python (yaani mkusanyiko wa kodi iliyo tayari) ya kuchora chati ambayo John D. Hunter aliitoa mwaka wa 2003, ni ya bure, na sehemu yake ya kuchora pande tatu, mplot3d, huja ndani yake. Ukishaipakua, bando likiisha unaendelea tu. Ushauri mmoja kwa anayeanza: mafunzo mengi ya zamani yanakuambia kwanza uingize Axes3D, kipande cha mplot3d, kwenye kodi yako. Tangu toleo la 3.2 si lazima, andika projection='3d' na uendelee na maisha.

Nguzo zinachorwa kwa amri ya bar3d. Unaipa vitu sita: mahali nguzo inapoanzia kwa x, y na z, kisha upana, kina na urefu wake. Nilipanga miezi upande mmoja, mazao manne upande wa pili (nyanya, vitunguu, hoho na kabeji, kama yalivyofuatana kwenye daftari), na urefu ukawa mauzo kwa shilingi. Mara ya kwanza majina ya miezi yalikaa kombo. "Januari" ilikuwa inaning'inia kwenye pembe ya nguzo badala ya kukaa chini yake katikati. Sababu ni kwamba x na y unazotoa ni za kona ya nguzo, si za kitovu chake. Ongeza nusu ya upana kwenye nafasi za majina na mambo yanatulia. Hilo lilinila saa nzima, na sioni aibu kusema.

Kwa muonekano, sina neno. Maktaba hutia kivuli pande za nguzo yenyewe, kwa hiyo nyekundu moja ya nyanya inakuwa nyekundu tatu, ya juu, ya mbele na ya ubavuni, na jicho linakubali kwamba hicho ni kitu cha kushikika. Kwenye skrini ya laptopu unaburuta kwa kipanya, mji mzima unazunguka. Nilijisikia fundi kwelikweli. Nikaprinti kwenye kibanda kimoja karibu na River Road, nyeusi na nyeupe kwa sababu ya bajeti, nikapeleka.

Shangazi alivaa miwani. Akapitisha kidole mstari wa kwanza, wa pili, akainua karatasi karibu na dirisha.

"Kabeji zangu ziko wapi?"

"Ziko hapo nyuma, Shangazi."

"Nyuma ya nani? Mimi naona nyanya tu. Na hizi nyanya na hoho, mbona rangi moja?"

Alikuwa na haki kwa yote mawili. Nyekundu na kijani nilizochagua zikiprintiwa bila rangi zinakuwa kijivu kilekile. Na kuhusu kabeji, usipogusa chochote mplot3d hukutazamisha kutoka nyuzi 30 juu na nyuzi -60 kwa mzunguko, yaani zao la kwanza kwenye orodha linakaa mbele na la mwisho linajificha nyuma. Nyanya ndizo zilizouzwa zaidi, na mimi nilikuwa nimeziweka mlangoni. Kwenye skrini sikugundua kwa sababu nilikuwa nikizungusha. Karatasi haizunguki.

Nilirudi nikajaribu dawa zote. Kugeuza mpangilio ili nguzo ndefu zikae nyuma kulisaidia sana, anza na hilo. Kuinua jicho kwa view_init, amri ya kupanga pembe ya kutazama, hadi nyuzi 50 hivi kulifichua kabeji, lakini ukizidisha unaona mapaa tu na urefu unapotea, na urefu ndio pesa zenyewe. Kuzifanya nguzo zipenyeze mwanga kulileta uji wa rangi. Halafu kuna jambo ambalo nyaraka za wenyewe zinalikiri wazi: mplot3d si mashine halisi ya pande tatu, inapanga tu kipi kichorwe kwanza, na wakati mwingine kitu cha nyuma hutokea mbele. Nilikuwa nimeita bar3d mara nne, mara moja kwa kila zao. Nilipoweka nguzo zote 48 kwenye mwito mmoja, na orodha ya rangi 48, mpangilio ukanyooka.

Bado kulikuwa na udanganyifu wa kimya. Nguzo mbili zenye mauzo sawa, ya nyuma inaonekana fupi, kama vile nguzo za stima zinavyofupika ukitazama barabara ndefu. Andika set_proj_type('ortho') na tatizo hilo linaondoka. Kwa chati ya pesa, ningeifanya iwe sheria.

Alitaka pia duara lenye unene, kama keki. Matplotlib haina, pai yake ina kivuli tu. JpGraph, maktaba ya chati ya lugha nyingine iitwayo PHP, inayo, lakini nilikataa kabisa. Januari 2008 Steve Jobs, bosi wa Apple wakati huo, alionyesha jukwaani duara la namna hiyo la soko la simu janja Marekani, na kipande cha Apple cha asilimia 19.5, kwa kuwa kilikaa mbele, kilionekana kikubwa kuliko kile cha "wengine" chenye 21.2. Sasa fikiria hilo kwenye mkutano wa akina mama wanaohesabiana hadi shilingi kumi.

Mahali nilipoipenda bila kinyongo ni kwingine kabisa. Siku za mapumziko nilipakua vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mwezi wa Februari 2000, nikakata eneo la milima ya Ngong, nikaita plot_surface, amri ya kuchora uso badala ya nguzo. Mwanzoni milima ilitoka butu kama ugali uliopigwa mwiko, kwa kuwa maktaba huchukua sampuli 50 tu kila upande usipoiambia vingine. Nikapandisha rcount na ccount, namba za sampuli hizo, hadi 300. Ilichukua muda, feni ya laptopu ikalia, lakini vile vilele vikatokea kimoja baada ya kingine, kama unavyoviona ukiwa Karen asubuhi hakuna ukungu. Hapo kina ni kitu cha kweli, ni mita za mlima.

Ripoti ya chama ilitoka na grafu nne bapa ndani, moja kwa kila zao, zilizolala kama mkeka. Maghorofa yalibaki kwenye jalada, kwa rangi, maana Shangazi hakukubali yatolewe. Aliyapenda hivi kwamba amebandika nakala sebuleni, kando ya kalenda. Ni ile ya kwanza. Kabeji bado hazionekani.