Dalali aliyenizuia kununua: uzoefu wangu wa kuuza nyumba na kupata nyingine

Ndani ya mwaka mmoja nimeuza nyumba na kununua nyingine, zote mbili kwa mkono wa dalali mmoja anayeishi mtaa tunaoishi. Ndugu na marafiki wamekuwa wakiniuliza kama anafaa. Anafaa sana, ila kuna sehemu ya kumsikiliza kwa masikio yote mawili na sehemu ya kumsikiliza huku umeshika kalamu na kikokotoo.

Ni mama wa makamo. Ananiita mwanangu, nami namwita mama. Kazi yake yote imo kwenye daftari moja nene: nyumba ipi iliuzwa lini, ilikaa sokoni muda gani, mwenyewe alianza na bei gani na akaishia wapi. Mitandaoni utaona bei ambazo wauzaji wanazitaka. Daftari lile lina bei ambazo wanunuzi walizilipa kweli, na tofauti yake si ndogo.

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka niliipenda nikiwa bado mlangoni. Rangi mpya, sakafu inang'aa, madirisha mapana. Nilishaanza kupanga kitanda cha watoto kitakaa wapi. Yeye hakusema kitu. Alitoa sarafu kwenye mkoba, akainama, akaanza kugonga vigae kimoja kimoja. Ko, ko, ko, halafu sauti ikabadilika, ikawa kama ya debe tupu. "Sikiliza, mwanangu. Hapa chini hakuna saruji iliyoshika." Vigae sita mfululizo vililia hivyo.

Akanyanyuka akaenda kwenye ukuta wa chumba cha nyuma. Rangi ya ukuta ule ilikuwa mbichi kuliko ya kuta nyingine tatu. Aliniambia niweke kiganja. Ulikuwa wa baridi, na tuliposogeza kabati tukakuta madoa meusi ya ukungu yanapanda kutoka sakafuni. Kisha akanionyesha ufa uliokuwa umeanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka kimshazari, mwembamba huku na mpana kule, kiasi kwamba ile sarafu iliingia ukingo wake. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa tu juu ya lipu, mara nyingi ni lipu ilikauka haraka, hazitishi. Ule unaotoka kona ya mlango au dirisha, unaokwenda mshazari na kupanuka upande mmoja, huenda msingi unakaa vibaya. Mlango wa chumba hicho hicho ulikuwa unasugua fremu juu, haufungi mpaka uusukume kwa bega. Dalili mbili mahali pamoja.

"Ukiipenda sana, mlete fundi wa majengo aikague kwanza, umlipe wewe, siyo muuzaji. Mimi ningekuwa wewe ningeondoka."

Angenyamaza, angelipwa ada yake mwezi ule ule. Ndiyo maana namwandikia vizuri. Mtu anayekula kwa mauzo akikwambia usinunue, amekupa kitu ambacho hakipatikani kwenye tangazo lolote.

Tangu siku hiyo kila nyumba niliikagua kama alivyonifundisha. Nenda mchana, rudi usiku, na rudi tena mvua kubwa ikishanyesha. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, halafu vuta maji ya choo, uone kama mkondo unakatika. Tazama dari kwenye kona, siyo katikati, kwa sababu maji yanayovuja hufuata mbao na kutokeza pembeni. Zungumza na jirani bila muuzaji kuwapo. Mimi jirani mmoja aliniambia kwa dakika tano habari za maji kujaa barabarani ambazo sikuambiwa na mtu mwingine.

Kwenye makaratasi aliniambia wazi kwamba hapo yeye si mtu wa kutegemewa, nitafute wakili wangu mwenyewe, nisitumie wa muuzaji. Wakili alifanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi, hakuridhika na nakala ya hati aliyoonyeshwa. Alikuwa anatafuta mambo machache: jina lililo kwenye hati ndilo la anayeuza? Kuna rehani? Kuna zuio la mahakama au la ndugu? Mwenzi wake wa ndoa ameridhia kwa maandishi? Na kama ni mali ya urithi, mgawanyo ulikamilika au bado?

Nyumba tuliyoichagua mwisho ilikutwa na rehani ya benki. Nilitaka kukimbia. Kumbe si lazima. Ilipangwa kwamba sehemu ya bei yangu iende moja kwa moja benki kumaliza deni la muuzaji, benki itoe barua ya kuachia dhamana, ndipo kinachobaki kimfikie mwenyewe na umiliki uhamishwe. Arabuni yangu ilikaa kwenye akaunti ya wakili, na mkataba ukaeleza nitarudishiwa katika hali zipi. Ningeikabidhi mkononi kwa muuzaji, kama alivyoomba, ningekuwa sina pa kushika.

Kuhusu mkopo, ushauri wake ulikuwa mfupi: usitazame rejesho la mwezi peke yake. Nilikaa na kikokotoo usiku huo. Mkopo wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayotozwa kwenye deni linalobaki, ukiulipa kwa miaka 20 unarudisha kama mara 2.6 ya ulichokopa. Ukiulipa kwa miaka 10 unarudisha kama mara 1.7. Rejesho la kila mwezi linapanda kwa takriban asilimia 30 tu. Tulipunguza ukubwa wa nyumba tuliyokuwa tunaitafuta, tukachukua miaka 10. Tukabakiza na akiba ya ada za wakili, kodi za kuhamisha umiliki na matengenezo, maana gharama hizo haziingii kwenye bei inayotajwa.

Sasa upande wa kuuza.

Mwanzo alikuwa hodari. Nilitaka nijenge jiko upya kabla ya kutangaza, akanikataza: fedha ya jiko jipya hairudi yote, na mnunuzi anaweza kulivunja kwa kuwa halimpendezi. Alinitaka nirekebishe bomba linalovuja, vitasa vilivyolegea na swichi iliyopasuka, niondoe nusu ya vitu sebuleni, na mapazia mazito yatoke ili mwanga uingie. Bei tuliitoa kwenye daftari lake, kwa kutazama nyumba tatu zinazofanana na yangu. Nyumba ikitangazwa, wanaotafuta kwa dhati wanaiona wiki za mwanzo. Ukianza juu mno wanapita, na ukija kushusha baadaye watu wanajiuliza ina kasoro gani.

Wiki ya pili akaja mnunuzi, akatoa asilimia 8 chini ya bei yetu. Mama akanisihi nikubali. Alirudia siku tatu mfululizo, na hapo ndipo nilipochukua kikokotoo tena. Ada yake ilikuwa asilimia 3 ya bei ya mauzo. Nikisubiri nikapata asilimia 5 zaidi, kwangu hiyo ni fedha nyingi, kwake ni asilimia 3 ya hiyo nyongeza, yaani 0.15 ya asilimia ya bei ya nyumba. Kwa hicho aonyeshe nyumba wiki nyingine nne, ajibu simu, apande na kushuka na wageni? Dalali yeyote angetamani kumaliza. Nilimwambia hivyo kwa heshima, naye hakukasirika. "Ni kweli, mwanangu. Lakini na mnunuzi kuondoka pia ni kweli." Tulisubiri wiki tatu, akapatikana mwingine kwa asilimia 2 chini ya bei. Ingeweza kwenda vibaya, hilo nalijua. Uamuzi ulipaswa kuwa wangu, na nashukuru niliufanya nikiwa na hesabu mbele yangu.

Kuna mambo mawili mengine sikuyapenda. Mkataba wake wa udalali haukuwa na tarehe ya mwisho na ulinifunga nisiuze kwa njia nyingine yoyote. Wakili aliuwekea siku 90. Na mambo yake mengi ni ya mdomo, kwa hiyo kila tulipomaliza kuzungumza nilimtumia ujumbe wa maandishi: tumekubaliana hili na hili. Ulituokoa mara moja, tulipobishana nani analipia picha.

Jambo jingine kwa anayenunua: pale nilipokuwa mnunuzi, ada yake ilitoka kwa muuzaji, kwa hiyo kiwango changu cha mwisho sikumtajia. Nilimpa kiwango cha kuanzia tu.

Funguo za nyumba ya zamani nilizitoa wakili aliposema fedha yote imeingia, siyo kabla, ingawa mnunuzi alishaleta gari la mizigo getini. Tulisoma mita za maji na umeme pamoja, tukazipiga picha, tukasaini.

Mdogo wangu anauza nyumba yake mwezi ujao. Nimempa namba ya mama, na nimemwambia mkataba uwe wa siku 90.